Nyota za Kifuniko cha Chetezo: Elimu ya Kukata Kitu Kilichopinda

Msomaji mpenzi, ukiingia nyumba ya Waswahili usiku wa harusi, kabla hujamwona bwana harusi na kabla hujasikia kasida, pua yako itakuwa imekwisha kupata habari. Udi unafuka, ubani unafuka, na pembeni mwa ukumbi kimewekwa chetezo, moshi wake ukipenya polepole katika matobo ya kifuniko. Wengi wetu twaupenda moshi huo bila ya kuyatazama matobo. Leo nataka tuyatazame matobo yenyewe, kwani ndani yake mna elimu ambayo wakubwa wa hesabu wa Baghdad na Samarkand waliihangaikia, na ambayo hata kompyuta za siku hizi hazijaimaliza.

Jambo lenyewe lilinijia hivi. Mpwa wangu mmoja, kijana aliyesomea kuchora na kusanifu vitu kwa kompyuta, alitaka kumpa dada yake tunu ya harusi. Akaazimia kumtengenezea chetezo cha shaba, kifuniko chake kiwe nusu tufe mfano wa kuba la msikiti, na kuba hilo litobolewe nyota za pembe nane kuanzia kileleni mpaka ukingoni. Akachora kwa muda wa siku tatu. Usiku wa tatu akaniita nitazame.

"Waonaje, Mjomba?" akaniuliza.

Nikatazama kile kioo cha kompyuta. Kuba lilionekana kutoka juu, kama anavyoliona ndege arukaye, na nyota zimepangika kwa safu, zote sawa, hapana iliyozidi wala iliyopungua. Nikamwambia, "Mashallah." Kwa hakika sikuwa na neno jingine.

Mchoro ukapelekwa kwenye karakana moja yenye mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Pesa zikalipwa, tena si haba. Baada ya siku chache kifuniko kikarudi, na kijana akakifungua mbele yetu sote. Nyota za kileleni zilikuwa nzuri. Lakini zile za ubavuni! Zilivutika kuelekea chini kama nta iliyokaribishwa motoni. Vijiti vya shaba vilivyobaki kati ya nyota na nyota vilikuwa virefu na vyembamba, na kimoja kilikatika palepale kilipokuwa kikisuguliwa. Kingo za matobo, upande mmoja zilikuwa butu na upande wa pili zilikuwa kali kama wembe, hata zikamchana kidole. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili.

SWALI LA FUNDI MZEE

Hapo ndipo nilipomchukua mpwa wangu kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye katika ujana wake alikuwa akifua na kutoboa shaba. Macho yake yamepungua nuru, lakini vidole vyake bado vyaona. Kijana alimtolea salamu, akambusu mkono, akamkabidhi kifuniko. Mzee akakizungusha mkononi, akapitisha ukucha ndani ya tobo moja, kisha jingine. Akauliza swali moja tu:

"Mwanangu, ulipokuwa ukitoboa, patasi yako ilielekea wapi?"

"Babu, mimi sikushika patasi. Ni kompyuta iliyokata."

"Haya. Na hiyo kompyuta, patasi yake ilielekea wapi?"

Kijana akanyamaza. Hakuwa amejiuliza. Na ukweli ni kwamba kosa lote lilikuwa ndani ya swali hilo.

Tufahamu kwanza alivyofanya. Alichora nyota zake juu ya uso ulio bapa, kama mtu achoraye juu ya karatasi iliyolazwa hewani juu ya kuba. Kisha akaiamuru programu izisukume nyota hizo moja kwa moja kwenda chini, mfano wa mwanamke anayekata visheti kwa kigezo cha bati, na popote zinapokutana na shaba zitoboe. Hii ndiyo njia nyepesi, na ndiyo anayofundishwa kila mwanafunzi siku ya kwanza. Juu ya kitu bapa haina ila. Juu ya kuba ina hila.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue kuba lenye nusu kipenyo cha sentimita 6. Kileleni shaba imelala, hivyo tobo la upana wa milimita 2 kwenye mchoro litakuwa milimita 2 kwenye shaba. Sogea sentimita 3 kutoka katikati; hapo uso umeinama digrii 30, na tobo lile lile limekuwa kiasi cha milimita 2.3. Jicho halitambui. Sogea mpaka sentimita 5.2, hapo uso umeinama digrii 60, na tobo limekuwa milimita 4, yaani maradufu. Kadiri unavyoukaribia ukingo ndivyo shaba inavyozidi kusimama wima, na ndivyo nyota inavyozidi kuvutika. Ukiitazama kutoka juu hutaona kitu, kwa kuwa ni jicho lile lile lililochora. Ukiinamisha kichwa ukaitazama kwa ubavu, ndipo aibu inapotoka.

Ndivyo ilivyo na ule ukali uliomchana. Patasi iliyoshuka wima penye mwinamo wa digrii 60 haikulipiga bati la shaba usoni. Ililipiga kwa mshazari. Bati la unene wa milimita 2 likakatwa kana kwamba ni la milimita 4, na kingo zake zikaachwa moja nene na moja iliyochongoka. Mzee aliyajua hayo yote kwa ukucha wake, bila ya kutaja digrii hata moja.

KOFIA, KAWA NA CHUNGWA

Sasa huenda msomaji akasema: basi kwa nini asichore nyota zake kwenye karatasi, kisha akaifunika karatasi juu ya kuba kama mtu anayefunga zawadi? Hili ni swali zuri, na jawabu lake limo majumbani mwetu.

Itazame kofia ya vito. Ule upande wake wa pembeni, mshonaji hakuushona ukiwa umezunguka kichwa cha mtu. Aliushona ukiwa utepe ulionyooka juu ya mapaja yake, akatoboa na kudarizi kwa uangalifu, kisha akaukutanisha ncha kwa ncha. Kwa kichwa chenye kipenyo cha sentimita 18, utepe ule ni wa sentimita 56 na nusu hivi. Hakuna ua lililovutika wala lililofinyika, maana umbo la mcheduara, kama kopo au bomba, laweza kukunjuliwa likawa bapa, na kilicho bapa chaweza kukunjwa kikawa mcheduara, bila ya uzi mmoja kulegea.

Itazame na kawa tunayofunikia sinia. Ukiikata kutoka kileleni mpaka ukingoni na kuifungua, italala sakafuni mfano wa upepeo. Nayo basi yakubali. Kwa maumbo ya aina hizi mbili, programu za usanifu zina dawa iliyo tayari. Katika programu kama SolidWorks iko amri ya kuuvika mchoro juu ya uso uliopinda, na mchoro hufuata mviringo kama utepe ufuatavyo kichwa. Anayetaka kuandika jina juu ya bomba, au kukata madirisha katika mnara wa duara, na aitumie hiyo.

Lakini chukua chungwa. Limenye ganda lake, kisha ulilaze juu ya meza liwe bapa. Haliwezi. Litapasuka au litakunjamana, hata ukiwa na subira ya Ayubu. Mwanahesabu wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, alithibitisha katika mwaka wa 1827 kuwa hili si kosa la mikono yetu: mpindo wa tufe ni tabia iliyo ndani ya uso wenyewe, na hakuna hila itakayoulaza bila ya kuuvuta au kuurarua. Ndiyo sababu kila ramani ya dunia iliyochorwa juu ya karatasi ina mahali inaposema uongo. Na ndiyo sababu kompyuta, hata ikiwa na nguvu namna gani, haiwezi kuivika karatasi bapa ya nyota juu ya nusu tufe pasi na kuziharibu baadhi yake. Itafanya ikiamrishwa, lakini itavuta hapa na kufinya pale.

Kwa hivyo mafundi wa kuba hawana njia ya mkato. Hapana budi watoe mchoro wao ndani ya kuba lenyewe.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili lilitafutiwa dawa zamani sana, na waliolitafuta ni watu ambao majina yao yanatuhusu. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa Buzjan katika nchi ya Khurasan mwaka 940 na kufa Baghdad mwaka 998, aliandika kitabu kizima juu ya jiometri wanayoihitaji mafundi wa kazi za mikono. Hakukiandikia wanafunzi wa falsafa. Alimfikiria mwenye bikari na rula. Ndani yake mna sehemu inayofundisha namna ya kuugawa uso wa tufe katika mapande yaliyo sawa, kwa mistari inayochorwa juu ya tufe lenyewe, bila ya kupitia karatasi.

Humo humo ameeleza kuwa alihudhuria mabaraza ambamo mafundi na wanahesabu walikutana kushauriana. Akaona kuwa wanahesabu walikuwa na hoja sahihi lakini mkono wao haukuwa na uzoefu wa kukata. Na mafundi walikuwa na mkono mwepesi, ila mara nyingine waliridhika na lile lionekanalo sawa kwa jicho, kumbe kwa hoja si sawa. Nilipokuwa nimeketi kati ya mpwa wangu na yule mzee nilijiona nimo katika baraza lile, miaka elfu na zaidi baadaye.

Baadaye, mwaka 1427, Jamshid al-Kashi akakamilisha huko Samarkand kitabu chake cha Miftah al-Hisab, na ndani yake akaonyesha hesabu ya kupima nyuso za makuba na za muqarnas, yale mapambo ya vishubaka vilivyopandana yanayoonekana juu ya milango na mihirabu. Anayejua eneo la uso uliopinda ndiye anayejua ni vifaa kiasi gani vitatumika.

Na huko Misri, kazi hiyo ilichongwa katika mawe hasa. Kuba la Sultani Barsbay, katika makaburi ya kaskazini ya mji wa Kairo, la mwaka 1432, limezungushiwa nyota za jiometri. Miaka kama arubaini baadaye likasimama kuba la Sultani Qaytbay, lililokamilika mwaka 1474, ambalo wengine wetu twalijua kwa kuliona katika noti ya pauni moja ya Misri. Waliochora kuba hili walianza kutoka utosini: nyota kubwa imekaa kileleni, na mistari yake yateremka ikipanuka kadiri kuba linavyopanuka, huku matawi ya maua yakipita baina yake. Hawakulivika kuba vazi lililoshonwa kwingine. Walilipima lenyewe, wakalishonea juu ya mwili wake.

MKATO NDANI YA KOMPYUTA

Turudi kwenye mashine, maana nayo tusiidhulumu. Zamani, wachoraji wa meli na ndege huko Ulaya na Marekani walipotaka mstari uliopinda vizuri walichukua ufito mwembamba wa mti, wakaupinda juu ya sakafu na kuuzuia kwa vipande vya risasi. Fundi wa jahazi wa Matondoni, kule Lamu, aupindapo ubao na kuutazama kwa jicho moja lililofumbwa, anamfahamu vyema mwenzake huyo. Ufito ule uliitwa splaini, na mwaka 1946 mwanahesabu Isaac Schoenberg akaipa jina hilo hesabu inayoiga mpindo wake. Kisha viwanda vya magari vya Ufaransa vikaingia: Paul de Casteljau katika Citroën tangu mwaka 1959, na Pierre Bézier katika Renault miaka ya sitini, kila mmoja akatafuta namna ya kuiambia mashine umbo la ubavu wa gari kwa namba chache. Mpindo unaouona leo katika programu za usanifu ni mjukuu wa kazi hizo.

Lakini kuupinda uso ni jambo moja, na kuukata ni jambo jingine. Uso mmoja uliopinda unapokutana na mwingine, kama mdomo wa birika unapoungana na tumbo lake, mstari wa makutano yao huwa mgumu kupita kiasi. Vipande viwili vya uso vya aina ya kawaida inayotumika katika programu hizi, vikikutana, mstari wao kwa kanuni ya hesabu waweza kuwa wa daraja la 324. Mwanafunzi wa sekondari huanza kutoa jasho kwenye daraja la tatu! Hakuna programu inayouandika mstari ule wenyewe. Inachofanya ni kutafuta nukta moja baada ya nyingine, kisha kuziunganisha kwa mpindo mwepesi unaokaribiana na ule wa kweli, mathalan kwa tofauti isiyozidi sehemu moja ya elfu ya milimita.

Maana yake ni kuwa kila mkato katika kompyuta ni makisio mazuri. Kuna ufa mdogo usioonekana kati ya kingo mbili, na programu imekubali kuufumbia macho. Ufa ukizidi kile kiwango kilichowekwa, programu hugoma kukata, na kijana hubaki akibonyeza na kulaani. Mara nyingi sababu huwa ni kwamba umbo la kukatia limeishia juu ya uso hasa, limeugusa tu. Mzee angemwambia bila ya kuijua kompyuta: patasi isiyotokeza upande wa pili haijatoboa. Umbo la kukatia na lipitilize, litokeze juu na chini, na mkato utakubali.

Lipo na lile la mwelekeo. Katika programu iitwayo Rhino, amri mbili ziko karibu karibu: moja huurusha mstari kuelekea upande mmoja uliouchagua, nyingine huuvuta mpaka mahali pa uso palipo karibu nao zaidi. Kwa mgeni zafanana. Juu ya kitu bapa huleta jawabu moja. Juu ya kuba huleta vitu viwili tofauti kabisa, na kompyuta haimuulizi mtu amekusudia nini.

KIFUNIKO CHA PILI

Mzee alichomfundisha mpwa wangu chaweza kusemwa kwa maneno machache: kila nyota na iwe na ubao wake, na kila patasi ielekee kwenye kitovu cha tufe. Alikuwa akitoboa hivyo, akililaza kuba juu ya mfuko wa mchanga na kuligeuza kila mara hata pale panapotobolewa pawe ndipo juu. Hakuisogeza patasi, alilisogeza kuba.

Kijana akayahamisha hayo katika programu. Pale kila nyota itakapokaa aliweka uso mdogo ulio bapa, unaoligusa kuba mahali pamoja tu, akachora nyota juu yake. Kisha kutoka katika nyota hiyo akalivuta umbo la kukatia lichongoke mpaka kwenye kitovu cha tufe, na juu akalipitilizisha. Mstari wowote unaotoka kitovuni hukutana na tufe kwa pembe mraba, basi kingo za matobo zikawa nyoofu pande zote. Zikabaki safu. Penye mwinamo wa digrii 60 mzunguko wa kuba lake ni kama sentimita 32 na nusu. Penye digrii 30 ni sentimita 19 tu. Nyota kumi na mbili za chini haziwezi kuwa kumi na mbili tena juu bila ya kusongamana. Akafanya kama waliochora lile kuba la Kairo, akaanzia utosini: nyota moja kileleni, sita chini yake, kumi na mbili chini ya hizo. Alichora nyota moja tu ya kila safu, nyingine akaiamuru kompyuta iizungushe. Hapo ndipo mashine ilipolipa deni lake, kwa kuwa kazi ya mzee ya siku nzima ilimalizika kabla ya chai kupoa.

Safari hii hakukimbilia karakana. Alikichapisha kwanza kifuniko cha majaribio cha plastiki, akampelekea mzee. Mzee akakichukua, akakiweka sikioni akakigonga, akacheka kwa sauti yake ya plastiki. Kisha akapitisha ukucha ndani ya matobo, moja moja, safu kwa safu. Alipofika safu ya chini akaturudishia.

"Sasa patasi yako ina adabu," akasema.

Kifuniko cha shaba kilikuwa tayari siku mbili kabla ya harusi. Usiku ule moshi wa udi ulipanda katika nyota kumi na tisa, na nadhani hapakuwa na mgeni hata mmoja aliyezitazama. Haikuwa lazima wazitazame.

Lililonikera ni jingine. Kijana huyu alikuwa amepita pale barazani kwa mzee tangu utoto wake, akienda shule na akirudi, na hakuwahi kuuliza mzee yule alikuwa akifanya kazi gani. Wala mzee hakuwahi kuulizwa na yeyote aandikiwe anayoyajua. Lau si kifuniko kilichoharibika wasingalikutana. Programu zinunuliwa, na darasa lake hupatikana kwa miezi michache. Lakini yule anayejua patasi ielekee wapi hauzwi dukani, na umri wake haungoji. Wazazi wenye vijana wanaosomea mambo haya, wapelekeni barazani kabla vifuniko havijaharibika. Baraza la Abu al-Wafa lilikuwa na pande mbili, na penye upande mmoja tu hapana baraza.